Kamera ya filamu ikigoma: dalili, sababu, na wakati wa kumwachia fundi

Watu wengi husema kamera yao ya filamu "imekufa" kabla hawajabadilisha betri. Ndiyo maana nataka twende kwa utaratibu. Kinachoamua kama kamera ya zamani itatengenezeka ni kile hasa kilichoharibika ndani yake. Kwenye kamera ya mitambo, vinavyochoka kwanza ni mafuta na sponji, na vyote viwili vinauzwa hadi leo. Kwenye kamera ya umeme, kilichochoka kinaweza kuwa kitu chepesi kama mguso wa betri uliopata kutu, au kinaweza kuwa chipu iliyotengenezwa na kiwanda kimoja kwa ajili ya kamera hiyo peke yake na haitatengenezwa tena. Kwa nje dalili ni ile ile: unabonyeza, kimya. Anayekimbilia kufungua skrubu hupoteza nafasi ya kujua tofauti hiyo.

## Kwanza ijue kamera yako

Toa filamu, toa betri, vuta wenzo wa filamu, kisha bonyeza kitufe. Jaribu kasi zote, kuanzia sekunde 1 hadi kasi ya juu kabisa.

Shata (kile kinachofunguka na kufunga ili mwanga uingie kwenye filamu) ikifanya kazi kwenye kasi zote bila betri, una kamera ya mitambo. Pentax K1000 (iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997), Olympus OM-1, Nikon FM na FM2 ziko humu. Betri kwenye kamera hizi ni ya kipima mwanga tu.

Ikifanya kazi kwenye kasi moja au mbili tu, shata yake inaongozwa na umeme lakini watengenezaji waliiachia njia ya dharura. Nikon FE hubaki na 1/90 ya sekunde na B (shata hubaki wazi muda wote unaoshikilia kitufe), FE2 hubaki na 1/250 na B, Pentax ME Super hubaki na 1/125 na B. Yashica Electro 35 ya 1966 bila betri hupiga kwa 1/500 tu.

Isipofanya lolote, kamera inategemea betri kwa kila kitu. Canon AE-1 ya 1976 na Minolta X-700 ya 1981 ni za namna hii, pamoja na kamera zote zenye mota na lenzi inayojilenga yenyewe.

Iko pia Nikon FM3A ya 2001, ambayo kasi zake zote hufanya kazi kwa mitambo na bado ina uwezo wa kujipangia kasi kwa umeme. Kwa mtu anayetaka kamera ya kukaa nayo maisha yote, naiona ndiyo jibu bora lililowahi kutengenezwa. Bahati mbaya ilikuja wakati ulimwengu unahamia dijitali.

Andika matokeo ya jaribio hili. Utayahitaji katika kila dalili inayofuata.

## Vifaa, na onyo moja la kusoma mara mbili

Multimita (kifaa cha kupima umeme), vijiti vya pamba, spiriti ya isopropili ya asilimia 99, siki nyeupe, kijiti cha mbao na tochi vinatosha kwa karibu kila kitu kilichoelezwa hapa. Ukifika kwenye skrubu, kumbuka kwamba kamera za Kijapani zina skrubu za msalaba za kiwango cha JIS. Bisibisi ya kawaida ya Phillips hukaa juu juu, huteleza na kula kichwa cha skrubu. Nunua bisibisi ya JIS au usifungue.

Onyo: kamera yoyote yenye flashi ya ndani ina kapasita inayohifadhi umeme wa takriban volti 300, na chaji hiyo inaweza kubaki hata baada ya betri kutolewa. Mshtuko wake unaumiza na unaweza kuwa hatari kwa maisha. Kamera ya namna hiyo usiifungue nyumbani.

## Dalili: kamera haiitiki kabisa

Hii ndiyo dalili inayopeleka kamera nyingi nzima kwenye makabati.

Betri. Ibadilishe kwa mpya, hata kama ya zamani "ina nguvu". Betri iliyochoka huweza kuonyesha volti kamili kwenye multimita kwa sababu wakati huo haifanyi kazi yoyote. Sumaku-umeme ya shata ikiivuta, volti huanguka. Betri ndogo za oksidi ya fedha, aina ya SR44, hushikilia volti 1.55 karibu hadi mwisho wa uhai wake. Za alkali, LR44, hushuka polepole. Angalia pia kama umeziweka upande sahihi.

Kufuli. Kwenye Nikon FM2 na FE2, wenzo wa kuvutia filamu ukisukumwa hadi ndani kabisa hufunga kitufe. Kwenye AE-1 kuna swichi ya kufunga karibu na wenzo. Hakikisha pia kwamba kipima muda cha kujipiga picha hakijaachwa katikati.

Kutu kwenye miguso ya betri. Unga mweupe au wa kijani kwenye chumba cha betri ni mabaki ya alkali iliyovuja. Lowesha kijiti cha pamba kwa siki kidogo, sugua, kisha safisha kwa isopropili, na uache pakauke kabisa. Pima kwa multimita kama umeme unapita kutoka kwenye mguso kwenda ndani. Alkali hupanda ndani ya waya chini ya plastiki yake, kwa hiyo mguso unaweza kung'aa huku waya wake umeoza sentimita kadhaa juu. Kubadilisha waya huo ni kazi ndogo ya kulehemu, na fundi yeyote wa elektroniki mwenye mkono mtulivu anaiweza.

Mguso ulio chini ya kitufe. Kwenye kamera nyingi za umeme, kitufe cha shata ni swichi, na swichi hushika uchafu. Dalili yake ni kamera inayoitikia siku moja na kugoma siku nyingine, au inayotaka kubonyezwa kwa nguvu. Kusafisha kunahitaji kuondoa kifuniko cha juu.

Sumaku-umeme iliyoshika mafuta. Shata ya umeme huachiliwa na sumaku ndogo. Mafuta yaliyohama kutoka sehemu nyingine yakitua kwenye uso wake, sumaku hunata au hushindwa kushika. Kusafisha uso huo ni kazi ya dakika chache kwa anayejua ilipo, lakini ni kazi ya fundi.

Kapasita iliyokufa. Minolta X-700 ni mfano unaojulikana sana: betri ni mpya, lakini shata haiachii. Mara nyingi kosa ni kapasita, kipande kidogo cha kawaida kinachopatikana popote vipuri vya elektroniki vinapouzwa. Natamani kila anayesema "ya umeme haitengenezeki" angeona kamera hii ikifufuliwa kwa kipande hicho kimoja.

Chipu au saketi ya utepe. Hapa ndipo ukomo wa kweli ulipo. Saketi za kamera za miaka ya 1980 na 1990 zilichapwa kwenye utepe mwembamba wa plastiki unaojikunja kufuata umbo la kamera. Utepe ukipasuka, au chipu maalumu ikifa, dawa ni kupata kamera nyingine ya aina hiyo na kutoa kipande chake. Kipande hicho nacho kina umri ule ule.

Simama hapa: ukishabadilisha betri, kukagua kufuli na kusafisha miguso, hatua zilizobaki zinataka kufungua kifuniko cha juu. Chini yake kuna nyuzi nyembamba, springi zinazoruka na nyaya zilizokakamaa. Mpe fundi.

Kwa kamera ya mitambo iliyogoma kabisa, orodha ni fupi zaidi: kufuli, kipima muda kilichokwama, na shata ambayo haijavutwa hadi mwisho. Rudia kuvuta wenzo taratibu hadi ufike ukomo wake.

## Dalili: wenzo umekwama

Usilazimishe. Nalisema mwanzoni kwa sababu hapa ndipo gia nzima huvunjwa na mkono wenye haraka.

Filamu imeisha: hilo ndilo la kawaida kabisa. Bonyeza kitufe cha kurudishia filamu chini ya kamera na uirudishe.

Ikiwa kamera haina filamu, huenda shata tayari imeshavutwa na inasubiri kuachiwa. Kwenye kamera inayotegemea betri, jambo hili huwapotosha watu wengi: betri imekufa, shata haiwezi kuachiwa, na kwa sababu hiyo wenzo umejifunga. Mtu anaamini mitambo imeharibika, kumbe anahitaji betri. AE-1 nyingi zimeuzwa kama mbovu kwa sababu hii.

Sababu za chini zaidi ni kipande cha filamu kilichokatika na kuingia kwenye meno ya gia, au mgongano ndani ya mitambo baada ya kamera kuanguka. Kwenye kamera za Kisovieti kama Zorki 4 kuna jambo jingine: kasi hubadilishwa baada ya kuvuta shata. Ukizungusha kidude cha kasi kabla ya kuvuta, unaweza kuvunja kilicho chini yake.

Kama kuna filamu ndani na hairudi, ifungue kwenye giza kamili au ndani ya mfuko mweusi wa kubadilishia filamu, uokoe picha kwanza.

## Dalili: kioo cha ndani kimebaki juu na kitazamio ni cheusi

Kioo hiki ndicho kinachopeleka picha kwenye kitazamio. Kwa kamera ya umeme, anza tena na betri. Kwenye FE na FE2, betri ikiwa imekufa ukabonyeza kitufe kwenye kasi ya kawaida, kioo hupanda na kubaki juu. Zungusha kidude hadi kwenye kasi ya dharura na kitashuka.

Kwa kamera ya aina yoyote, tazama sponji ambayo kioo hugonga kikipanda. Sponji hizo za polyurethane huoza na kuwa kitu kama lami, na kioo hunata hapo. Ondoa mabaki kwa kijiti cha mbao na isopropili kidogo sana, huku umefunika kioo cha kulengea kwa karatasi laini. Uso wa kioo kinachopanda usiuguse. Rangi yake ya fedha iko juu, haina kinga, na alama ya kidole ukiisugua huwa mkwaruzo wa kudumu.

Kama sponji ni nzuri na kioo bado kinapanda kwa uvivu, mafuta yamekauka. Hiyo ni kazi ya fundi.

## Dalili: kasi za chini zinavuta, sekunde 1 haiishi

Hapa tofauti ya kamera za mitambo na za umeme inaonekana wazi kuliko mahali pengine popote.

Kamera ya mitambo hupima kasi za chini kwa msururu wa gia unaolia "zzzz" kama saa. Grisi yake ikigeuka gundi, sauti hiyo husitasita au hukata katikati, kwa kawaida kuanzia 1/30 kushuka chini. Fungua mgongo wa kamera bila filamu, piga kila kasi mara 20 au 30, na usikilize. Mara nyingi kamera iliyolala miaka mingi huamka kwa mazoezi hayo tu. Nafuu hiyo lakini ni ya muda. Tiba ya kweli ni kusafisha gia na kuzitia mafuta mapya kidogo mno, na kazi hiyo inaweza kurudiwa kila baada ya miongo bila kikomo. K1000 iliyosafishwa na fundi mzuri haina sababu ya kutodumu miaka mingine 30.

Kamera ya umeme hupima muda kwa saketi. Haizeeki polepole kwa namna hiyo: kasi zake hukaa sahihi kwa miaka mingi sana, kisha siku moja saketi inakufa. Kasi zikiwa za ovyo, badilisha betri, kisha shuku sumaku yenye mafuta. Watu husahau kwamba kamera ya mitambo ambayo haijawahi kusafishwa inaweza kuwa inapiga 1/1000 yake kwa 1/500 na mwenyewe hajui.

Usipulize mafuta ya dawa ya kutu ndani ya kamera. Yatasambaa hadi kwenye mapazia ya shata, kwenye lenzi na kwenye sumaku, na bili ya fundi itaongezeka mara kadhaa.

## Dalili: upande mmoja wa picha ni mweusi

Swali la kwanza: ulitumia flashi? Kamera nyingi zenye mapazia ya kitambaa, kama K1000 na AE-1, haziruhusu flashi juu ya 1/60. Ukiivuka, sehemu ya picha huwa nyeusi, na kamera haina kosa lolote.

Kama hukutumia flashi na tatizo liko kwenye 1/500 na 1/1000 tu, pazia la pili la shata, lile linalofunga, linalifikia la kwanza, lile linalofungua, kabla halijamaliza safari. Chanzo cha kawaida ni uchafu na grisi kavu kwenye mihimili ya mapazia. Springi iliyolegea huja baadaye sana. Usikaze skrubu za springi kwa kubahatisha, hata ukiona video inayoonyesha zilipo. Kukaza pazia kabla ya kusafisha huficha kosa kwa miezi michache na kulichosha zaidi, na kupanga mapazia kunataka kifaa cha kupima muda katika pande zote za fremu. Wakati ukisubiri fundi, tumia 1/250 kushuka chini.

## Dalili: kipima mwanga kinadanganya

Kwenye kamera za miaka ya 1960 na 1970, mtuhumiwa wa kwanza ni volti. Nyingi ziliundwa kwa betri za zebaki za volti 1.35, ambazo zimeondolewa sokoni kwa sababu ya sumu yake. Ukiweka ya volti 1.5 kwenye OM-1, kipima husoma vibaya. Njia zilizopo ni betri za zinki na hewa za volti 1.4, ambazo hukauka baada ya wiki au miezi michache tangu utoe kibandiko chake, au adapta yenye diodi inayoshusha volti ya SR44. Pentax Spotmatic haijali: saketi yake ilipangwa ili mabadiliko ya volti yasibadilishe usomaji.

Kipima cha seleniamu, kama cha Zenit E, hutengeneza umeme wake kutokana na mwanga, hakitumii betri. Kikifa kimekufa, na dawa yake ni kubadilisha seli nzima.

Kwenye kamera ya mitambo yote haya ni usumbufu mdogo, kwani unaweza kupima mwanga kwa simu na kuendelea kupiga. Kwenye kamera inayojipangia kasi yenyewe, kosa la kipima ni kosa la kila picha.

## Dalili tatu zinazotambulika mara moja

Canon A-1, AE-1 na AE-1 Program inayopiga mluzi au kukohoa. Gia za kutuliza mwendo wa kioo zimekauka. Haihusiani na shata wala saketi. Tone dogo la mafuta mepesi mahali pake huimaliza. Tone likizidi huhamia kwenye sumaku, na hapo umebadilisha kero kuwa ugonjwa. Mimi ningempa fundi.

Yashica Electro 35 isiyotoa mlio wa "klak" unapovuta wenzo. Kipande kidogo cha mpira ndani yake kimeoza. Kamera hii ina neno Electro kwenye jina lake, na bado ugonjwa wake maarufu ni wa mpira unaobadilishwa kwa kipande kipya.

Doa jeusi la kunata kwenye mabati ya shata ya Canon EOS za mwanzo, kama EOS 650 ya 1987. Kipande cha kuzuia mgongano kimeyeyuka na kupaka mabati. Kusafisha kwa isopropili kwa uangalifu mkubwa huirudisha, lakini chanzo kikiachwa doa hurudi. Bati likipinda hata kidogo, shata imekwisha.

## Dalili: mistari ya rangi ya chungwa au nyekundu kwenye picha

Sponji za mlango wa nyuma zimeoza. Futa, pima, bandika mpya. Hii ndiyo kazi bora ya kujifunzia.

## Kamera ndogo za mfukoni zenye mota

Lenzi haitoki, skrini inaonyesha kosa, kamera inajizima. Weka betri mpya, safisha miguso yake, hakikisha mlango wa filamu umefungwa sawasawa na mchanga haujaingia kuzunguka lenzi. Baada ya hapo simama. Ndani kuna ile kapasita ya flashi, gia za plastiki, na saketi ya utepe. Kyocera, waliotengeneza Contax T2, moja ya kamera hizi, waliacha kutengeneza kamera za Contax mwaka 2005, na vipuri vinavyotumika leo vingi hutolewa kwenye kamera zilizokufa. Ninazipenda picha zake, lakini ukinunua moja kwa pesa nyingi, jua kwamba umenunua muda wake uliobaki.

## Unapompelekea fundi

Peleka kamera ikiwa imefungwa. Mwambie matokeo ya jaribio la bila betri, ni kasi zipi zinagoma, na kama kosa huja na kuondoka. Beba negativu zenye kosa, kwa kuwa upande wa fremu uliokosa mwanga humwonyesha pazia lipi la kuanzia. Kwa kamera ya umeme, uliza kabla ya kukubali bei kama ana kamera ya akiba ya kutolea vipuri, na kama atatoza uchunguzi endapo itagundulika kuwa ni chipu. Ukiwa umeshaifungua mwenyewe, sema, na umpe skrubu zote zilizobaki mkononi.